Mpaka Goti Likujibu

Matiliku, 4 Machi 1951

Ndugu Faki, uliyenivunja mguu,

Naanza na hilo ili usije ukasahau. Sasa nakusalimu wewe, na mama yetu Bi Khamisa, na hata yule mbuzi wenu mweupe aliyekuwa akinilia kamba za viatu muda wote niliolala barazani kwenu.

Nilifika kwa lori la Mutiso. Mwaitu Kalunde, mama aliyenizaa, alikuwa amesimama barabarani na fimbo aliyonichongea, maana barua aliyosomewa ilisema mwanawe hawezi kukunja goti. Nikashuka kwa mguu uleule. Aliutazama mguu, akanitazama usoni, akaitupa fimbo kichakani, akaanza kulia na kunigombeza kwa pamoja. Mpaka leo hataki kuamini kwamba sikumdanganya.

Lakini ninalotaka kukueleza ni la jana. Nilitoka na watoto wa shule kucheza mpira. Nilifanya kama Bi Khamisa alivyonifunza: nikakaa juu ya jiwe, nikafunga kile kitambaa chake gotini, nikaweka kiganja juu yake, nikafumba macho. Unajua anavyosema: “Usisimame mpaka goti likujibu.” Mwanzoni huwa sisikii kitu. Halafu pigo dogo linakuja chini ya kiganja, kama kifaranga ndani ya yai, na joto linafuata. Nikasimama. Mpira ulikuja juu, nikaruka kuupiga kichwa, nikatua kwa mguu ule. Faki, kwa mguu ule! Nilibaki nimesimama katikati ya uwanja, watoto wananipita huku na huku. Sikuwa na furaha bado. Niliogopa, kama mtu anavyoogopa akisikia ameitwa jina na asimwone aliyemwita.

Wewe ulilisikia goti lile likilia siku uliponiangusha uwanjani kwenu. Daktari wa dispensari alisema mfupa ni mzima ila mishipa imeraruka, na mpira niusahau. Sasa niambie, ndani ya kitambaa mna nini? Nimekibonyeza. Kimeshonwa pande zote, na katikati nahisi kitu kigumu.

Nauliza kwa sababu mzee mmoja wa kanisa letu, Mzee Jonah Ndululu, yule anayetembea ameshika mgongo, alisimama kando ya uwanja akakitazama sana. Kisha akaondoka bila kunisalimia, na tabia hiyo yake naijua.

Wako kwa kuchechemea kidogo tu,
Ndeti


Kitui, 18 Machi 1951

Mwalimu,

Mguu nilikuvunja kwa haki. Mpira ulikuwa wangu, wewe ndiye uliyekuja kuuchukua. Hata hivyo nakwambia kweli, tangu siku ile nikikata goti la mbuzi hapa buchani mkono wangu unasita, na wateja wananicheka.

Nimemsomea mama barua yako, kwa kuwa yeye husoma herufi za Kiarabu tu, hizi zetu anaziita nyayo za kuku. Pale uliporuka alinizuia, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, “Alhamdulillahi,” akafuta macho kwa ncha ya leso, kisha akaniuliza kama umekula vizuri njiani.

Umeuliza mna nini ndani. Anasema hajui. Usicheke. Alipewa na bibi yake, Bi Mwanamisi, huko Siyu pwani, ambaye alikuwa akiwafunga wapanda minazi walioanguka. Bibi alimwambia mambo mawili: asikifungue, na mfupa uliovunjika asiushike, aupeleke kwa wanaojua mifupa. Ameyashika yote mawili maisha yake yote. Amemfunga Shee mlinda lango wetu kifundo cha mkono, amemfunga Tumu wa mkate bega, amemfunga askari mmoja mkubwa aliyekuwa akilia kama mtoto. Wote wamekaa kimya na kiganja chao, wote wakasimama. Mimi nimekua nakiona kinaning'inia nyuma ya mlango. Nimechinja mafahali, lakini kile kitambaa sijawahi kukisogelea na kisu.

Kaa nacho mpaka mechi ya marudiano huko kwenu, baada ya Idi. Kisha ukirudishe, na mimi nikupitie tena katikati ya uwanja.

Faki


Matiliku, 2 Mei 1951

Faki ndugu yangu,

Barua hii usimsomee mama. Isome peke yako, uiweke mbali.

Wazee walinibana kwa swali kanisani baada ya ibada. Sikuwaona kama maadui, wala usiwaone hivyo. Mzee Jonah alinikaribisha kiti, yeye akabaki wima kwa sababu ya mgongo wake, akasema, “Mwalimu, sisi hatukatai wewe kupona. Tumefurahi. Lakini hii kitu iko na nini ndani?”

Nikasema, “Sijui, mzee.”

“Basi hapo ndipo shida iko. Unafundisha watoto wetu Jumapili, na umevaa kitu hujui. Kama ni maandishi ya dini ingine, ama ni kitu ya waganga, si tuione?”

Ningeweza kukataa. Niseme ukweli, hata mimi nilitaka kuona. Jiko lilikuwa limeshawashwa la kukichomea. Tuliomba kwanza, maombi marefu, kisha Kaluki, mke wa Mzee Jonah, akatumia wembe kukata uzi pole pole kama anatoa mwiba. Wazee walisogea nyuma. Mmoja alikuwa ameshika Biblia kifuani kwa mikono miwili.

Faki, ni kaniki tupu. Imekunjwa na kukunjwa tena, na kile kigumu nilichokuwa nakibonyeza ni pale mikunjo inapokutana. Hakuna karatasi, hakuna mzizi, hakuna hata punje ya mchanga. Mzee Jonah alikikung'uta. Akaingiza vidole, akakigeuza ndani nje, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Ndani rangi yake ilikuwa bado ya buluu nzito kama siku iliyotoka dukani. Mwishoni Mzee Jonah akasema, “Ni nguo tu. Haina kosa. Mpe yake.” Na akanipa, lakini mkono wake ulikawia kukiachia.

Nilitoka pale nikiwa huru mbele ya kanisa. Kabla sijavuka mto wa mchanga, goti likanikamata. Nilipofika nyumbani limevimba, silikunji. Mwaitu amerudi kichakani kuitafuta ile fimbo.

Hebu lifikirie hili. Ni goti lile lile. Asubuhi lilipanda kilima kwenda ibadani, mchana halinibebi, na katikati hakuna kilichobadilika ila nimejua. Basi ni nani aliyekuwa akinibeba tangu Machi? Usiku na mchana najiuliza, na swali lenyewe linanitisha kuliko maumivu. Marudiano yanakuja, nami ndiye niliyeyaomba.

Ndeti


Kitui, 3 Mei 1951

Mwalimu,

Nakuandikia mbio, Mutiso anapiga honi nje.

Mama ameanguka, sasa ni wiki ya pili. Aliteleza kwenye ngazi ya nyuma na debe la maji, akaangukia nyonga. Daktari wa dispensari amemshika kila mahali na kusema mfupa haukuvunjika, ila umri wake hauruhusu kulala. Asipoanza kukanyaga mapema, amesema, hatakanyaga tena.

Lakini hataki kuweka mguu chini. Mimi na dada yangu tumembembeleza, jirani zetu wamekuja, imamu amekuja. Anatabasamu na kusema, “Nangoja kitambaa changu. Kikija nitasimama.” Anasali amelala kitandani. Ramadhani inaingia mwezi ujao, na tangu nimjue mama hajawahi kuipokea akiwa amelala. Mguu umeanza kukonda, Ndeti. Nimeuona wakati dada anamwosha.

Najua unakihitaji kwa goti lako. Kitume tafadhali. Mpe Mutiso mwenyewe mkononi.

Faki


Kitui, 12 Mei 1951

Ndeti,

Barua zetu zimepishana njiani. Nimeisoma yako nyuma ya bucha, nikakaa juu ya kigogo cha kukatia nyama mpaka wateja wakaniita.

Sikulaumu. Labda kesho nitakulaumu. Sasa sikiliza: kishone. Kikunje kilivyokuwa, mpe huyo Kaluki sindano, akishone vile vile, ulete. Mama asijue. Akijua ni kitupu hatasimama, na mimi nitamzika akiwa hai kitandani mwake. Wewe mwenyewe umeona lilivyokupata, na wewe ni kijana.

Kila jioni ananiuliza kama lori limefika.

Faki


Matiliku, 20 Mei 1951

Kwa mama yangu Bi Khamisa, kwa mkono wa Faki

Shikamoo mama.

Kitambaa chako kiko ndani ya bahasha hii. Kimefunguliwa. Faki aliniomba nikishone usijue, na nilijaribu. Kaluki ni fundi, lakini mshono ule wa Siyu haukumtii. Kila alipomaliza tuliona kwamba vidole vyako vingejua, na mara ya mwisho mimi mwenyewe nikamwomba autoe uzi. Nilikula kwako, nililala kwako, ulinishika mguu nikiwa napiga kelele bila aibu. Sitakutumia uongo ulioshonwa.

Wazee wetu walikifungua nikiwepo, kwa ruhusa yangu. Ndani hamna kitu. Ni nguo yenyewe tu.

Nilipoona hivyo nilikukasirikia, mama, na unisamehe. Niliona umenichezea kama mtoto. Goti likaharibika siku ile ile. Kisha nikakumbuka barua ya Faki, kwamba hata wewe hukujua, na hasira ikaniisha. Ikabaki huzuni. Asubuhi moja niliketi kitandani, nikaweka kiganja juu ya goti lililo uchi, si kwa kutaka kupona. Ni mazoea tu, kama mtu anayepitia nyumba iliyohamwa. Nikafumba macho.

Likajibu.

Sikuamini. Nikangoja tena. Pigo lile lile, chini ya kiganja, na joto. Nikasikia na mambo mengine ambayo kwa kitambaa sikuwahi kuyasikia: kwamba maumivu hayako katikati ya goti, yako ubavuni. Kwamba nikisimama huwa nashika pumzi, na nikishika pumzi paja lote hukaza kama kamba. Nikaiachia pumzi, nikasimama. Niliumia, lakini nilisimama. Kesho yake nikaenda mpaka shuleni. Sasa nakimbia kidogo.

Nimefundisha watoto mwili wa mwanadamu kwa picha ubaoni, moyo hapa, mapafu hapa, na nilidhani naujua. Sikujua kwamba mimi naishi ndani ya kitu kikubwa hivi. Nakukumbusha tu kwamba goti lilijibu bila kitambaa, lakini lisingejibu kamwe kama usingenifunza kungoja.

Mwanao,
Ndeti


Kitui, 10 Juni 1951

Ndeti,

Bahasha ilikuja, mama akainyoshea mikono kabla sijaifungua. Nikamsomea barua yako, na nilipofika pale panaposema kimefunguliwa, nikaruka, nikaenda moja kwa moja kwenye salamu za Mwaitu wako ambazo hukuziandika.

Mama akasema, “Faki, umeruka. Rudi.”

“Mama, mwandiko wake mbaya.”

“Siku zote unausoma bila kukwama, ila leo? Rudi.”

Nikarudi. Nilisoma nikitazama sakafu. Nilipomaliza, alikitoa kitambaa, akaingiza vidole viwili ndani, akavipitisha taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, pembe kwa pembe. Kisha akageukia ukutani.

Hakusema nami siku ile wala iliyofuata. Chakula alikirudisha. Nilikuchukia, Ndeti, sitakuficha. Niliandika barua moja ya matusi mazuri sana na nimeichana.

Asubuhi ya tatu, kabla sijaenda kuchinja, akaniita. Kitambaa kilikuwa kifuani pake. Akasema, “Tumu aliinua bega lake.”

Nikasema, “Ndiyo mama.”

“Na yule askari alitoka hapa akitembea. Na wapanda minazi wa bibi yangu, niliwaona kwa macho yangu nikiwa mtoto, wakipanda tena.” Akakikunja kitambaa. “Kwa hiyo hawakushikwa na kitu, Faki? Ni wao wenyewe?”

Maswali kama hayo huulizwa imamu. Mimi ni mtu wa bucha.

“Subhanallah,” akasema. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta nyumba nzima nyuma yake. “Mimi miaka yote nakishukuru kitambaa. Na Mungu alikuwa ameshaweka dawa ndani ya mtu mwenyewe, ananingoja nione.” Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Sijamwona mama akilia hivyo, na haikuwa huzuni.

Akaniambia nimfungie kitambaa pajani vile vile, wazi, bila kushonwa. Nikamwambia, “Mama, si tumejua ni kitupu?” Akasema, “Ndiyo, lakini mkono wangu unapajua.” Akaweka kiganja, akafumba macho. Nilichelewa kazini. Nilisikia jogoo, nikasikia watu wakifungua maduka, na yeye hajasogea. Kisha akaachia pumzi na kuniambia nilete bega.

Ndeti, mama yangu alisimama. Alitetemeka, akaniumiza bega kwa kucha, akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

Ramadhani imeingia. Anasali akiwa kwenye kiti, lakini anasimama kwa rakaa ya kwanza. Anachechemea, na daktari anasema labda atachechemea siku zote. Hajali. Ananiambia kila siku, “Njoo uweke mkono hapa usikie.” Na mimi naweka.

Nimekusamehe. Uwanjani sitakusamehe.

Faki


Matiliku, 29 Julai 1951

Mama yangu Bi Khamisa,

Faki atakuwa ameshakwambia kwamba mechi tulitoka sare. Asichokwambia ni kwamba nilimpita mara nyingi mpaka akaanza kunishika shati. Kabla ya kuingia nilikaa chini pembeni ya uwanja, goti uchi, kiganja juu yake, mbele ya watu wote wa kanisa. Watoto wa shule walinyamaza wakidhani naomba. Labda nilikuwa naomba. Likajibu, nikaingia.

Lakini ninayetaka kukuandikia habari zake ni Mzee Jonah. Alikuja nyumbani jioni baada ya mechi. Alisalimia Mwaitu, akasifu mahindi, akauliza bei ya mbuzi Kitui, akashika mgongo, akauachia. Nikajua ana jambo. Mwishoni akasema, “Mwalimu, huyo mama wa Kitui anaweza kufunga mtu wa kanisa?”

Nikamwambia, “Mzee, si wewe ndio ulikifungua? Uliona ni kitupu.”

“Niliona. Ndio maana naweza kukivaa. Kingekuwa na kitu ndani, singevaa.”

“Na mgongo wako utapona aje kwa nguo tupu?”

Alinitazama, mama. Uso wake ulikuwa kama siku ile dirishani. “Nilikuona ukipanda kilima nayo,” akasema. “Halafu tukaifungua, goti likakukamata. Halafu leo nimekuona ukikimbia bila hiyo. Mimi ni mzee, na nimehubiri mambo mengi kuhusu mwili. Tangu hiyo siku nikilala naweka mkono kwa mgongo, nasikiliza. Sisikii kitu. Nafikiri ni kwa sababu hakuna mtu amenionyesha.”

Nimpe jibu gani?

Mwanao, Ndeti


Kitui, 12 Agosti 1951

Mwanangu Ndeti,

Faki anaandika, maneno ni yangu. Nimemkataza kuongeza ya kwake.

Mwambie mzee huyo aje. Mutiso atamleta kwenye kiti cha mbele, mgongo usitikisike. Kwanza atapita kwa daktari aangaliwe mfupa, hilo halina mjadala. Kisha aje kwangu na mke wake Kaluki, nataka kumwona mwanamke aliyepambana na mshono wa bibi yangu.

Kile cha zamani nimekivaa mimi, na sitakivua. Nitamshonea chake mwenyewe. Nimeshanunua kaniki. Nitakikata mbele yake na kukikunja mbele yake, na nitamwambia kwa kinywa changu kwamba siweki kitu ndani. Zamani watu walikuwa wakiniuliza, nami nikiwaambia wasiulize. Sasa mwenyewe naona raha kuwaambia. Juzi nilimwambia Shee, ambaye safari hii ameteguka kidole, nikamwonyesha kilivyo kitupu. Alicheka, akafungwa, akanyamaza, na kidole kikamjibu huku bado anacheka. Tukatazamana mimi na yeye, tukacheka pamoja.

Mzee Jonah mwambie jambo moja tu, ajitayarishe nalo njiani. Kwenye ibada yeye ndiye anayesema na wengine wananyamaza. Hapa kwangu atakaa barazani, kiganja mgongoni, na atanyamaza mpaka mgongo umwite. Akichoka nitamshikia mkono. Mimi nami nilichelewa kusikia.

Mama yako,
Khamisa